Uvimbe wa Upande wa Kulia

Ushirombo,
9 Juni 1980

Mdogo wangu Kalisti,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako Ansgar bado anafundisha wakatekumeni kwa ile sauti yake inayofukuza kuku uani. Selestine yuko darasa la tano na anajiona profesa. Mihogo imekubali, karanga zimekataa. Mama anakusalimu sana. Lile jicho la kushoto lililokuwa likiona mwanga wa mlango nalo limefunga, kwa hiyo sasa anatusoma kwa mikono tu: uso, mabega, mpaka kiunoni, halafu anakwambia umekonda au umenenepa, na hakosei.

Haya, salamu zimekwisha. Nina ugomvi na wewe.

Tulipomzika baba mdogo Clemens mwezi uliopita, wanaume wote walivua mashati wakapokezana sururu. Hata mwalimu mkuu mwenye pumu alishuka kaburini akatoa makarai mawili ya udongo. Wewe, mtoto wa kaka yake marehemu, ulisimama kando na koti la suti juani saa saba, jasho linakutiririka, mikono umeifunga mbele kama mgeni rasmi. Watu wamesema, Kalisti. Wengine wanasema mji umekulevya. Wengine wanasema anayekataa kuchimba kaburi anajua marehemu alikufaje. Hao nimewajibu kwa namna ambayo itabidi niiungame.

Nami nilikumbuka Pasaka nilipokuja kwenu Shinyanga. Mwanao Coletha alikurukia mara nne, na mara zote nne ulimhamisha ukampakata paja la kushoto. Kula ulikula na koti. Kiti chako lazima kiegemee ukuta na kitazame mlango. Nilidhani ni ukubwa tu umekuingia.

Sasa sikia. Asubuhi ile ulipomuaga mama, alikukumbatia kabla hujamkwepa. Ulipoondoka aliacha uji wake ukapoa. Kisha akaniambia, "Mwanangu ana uvimbe. Kiunoni, kulia. Mgumu kama jiwe la kusagia, tena wa baridi. Ndiyo maana hakuchimba." Nikamwambia uvimbe haujawahi kuwa wa baridi. Akasema wa baridi ndio mbaya.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Una nini, mdogo wangu? Niandikie kweli.

Dada yako,
Bernadina


Shinyanga,
20 Julai 1980

Dada Bernadina,

Shikamoo. Mshikie mama miguu kwa ajili yangu. Sisi hatujambo. Justina anakusalimu wifi yake, anasema ile mbegu ya mchicha imeota mpaka kwa jirani. Coletha ameng'oka jino. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa minadani, na mafuta yamekuwa adimu, lori linakaa Kahama siku tatu kusubiri. Nimempa mama Mageni, yule mchuuzi wa vitenge, miche mitatu ya sabuni na sukari kidogo mgawane. Msiseme nje kwamba mmepata sukari.

Kuhusu baba mdogo, nilikuwa na mgongo. Nitakuja kuwaomba radhi wazee.

Kuhusu hilo jingine, mwambie mama asihangaike. Daktari ameuona, amesema ni uvimbe wa kawaida, hauna haraka. Ila nakuomba sana, mama asiwasimulie watu. Amewaambia akina nani mpaka sasa? Niandikie majina. Na barua zangu nani anazisoma kabla yako?

Naishia hapa, kuna mtu amesimama muda mrefu pale kwenye duka la ng'ambo na sipendi anavyosimama.

Ni mimi mdogo wako,
Kalisti


Ushirombo,
17 Agosti 1980

Mdogo wangu,

Sabuni imefika, sukari imefika nusu. Nadhani mama Mageni alionja njiani. Tunashukuru hivyo hivyo.

Barua yako ameisoma Ansgar, kwa sauti ya katekista, mbele ya mama na majirani wawili waliokuja kuomba moto. Nani mwingine angeisoma, mimi nilikuwa mtoni. Kwa hiyo sasa ni rasmi: Kalisti ana uvimbe na daktari ameuona. Majina uliyoniomba ni rahisi. Andika Ushirombo yote.

Mwanzo mama alikuwa na wasiwasi. Wewe umempa uhakika. Amemchinjia mganga jogoo mwekundu, kisha akaenda kwa padri akaanza novena, ili asiache mlango hata mmoja bila kubisha. Utapewa kifurushi cha mizizi. Unachemsha, unakanda upande wa kulia asubuhi na jioni. Usinicheke. Ameichimba mwenyewe kwa kupapasa.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mizizi. Mama mwenyewe haendi vizuri. Miguu imevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Akitembea kutoka kitandani hadi jikoni anahema kama aliyebeba gunia. Sista wa zahanati amempima, akasema ni moyo, apelekwe hospitali kubwa Mwanza mwezi huu huu. Nimepata na nafasi kwenye gari la misheni.

Amekataa. Unajua maneno yake? "Mgonjwa mdogo hampiti mgonjwa mkubwa mlangoni. Aanze Kalisti. Nikimshika nikakuta umetoka, hapo nitapanda gari." Ansgar amembembeleza, padri amembembeleza. Amefunga mdomo kama alivyoufunga mwaka ule baba alipotaka kuuza lile dume jekundu.

Sasa kama huo uvimbe hauna haraka, basi uharakishe. Nenda ukapasuliwe uje umwonyeshe. Na kama kuna jambo ambalo hukuniambia, andika karatasi ya pili, uikunje ndani ya ile ya kwanza, uandike jina langu. Ansgar hataigusa, nimeshamwambia.

Bernadina


Shinyanga,
2 Oktoba 1980

Dada,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama na shemeji. Mizizi nimeipata. Sote wazima.

(Karatasi ya pili. Kwa Bernadina peke yake.)

Nimeanza barua hii mara tano. Si uvimbe. Ni bastola.

Usipige kelele, soma kwanza. Ninayo leseni, imeandikwa jina langu na namba, na kila mwaka mwezi wa sita naihuisha polisi. Niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi, tukaenda naye polisi tukaihamisha kihalali. Ni ya risasi sita, haizidi kiganja. Aliyenipa leseni alinikanya neno moja: ikijulikana unayo, basi si yako tena, ni ya atakayekuwahi. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu isipokuwa Justina, na yeye ni kwa sababu ilikuwa chini ya mto.

Unamkumbuka Mabula, mwenzangu wa ng'ombe, yule mrefu aliyekula kuku mzima kwako na akaomba ukoko. Nilikuambia alikufa kwa ajali. Walitusimamisha njia ya Katoro kuja Masumbwe, watu watatu, mmoja ana bunduki ya vita. Tuliwapa kila kitu. Mabula akawaomba wamwachie kadi ya kliniki ya mtoto wake, ilikuwa ndani ya pochi. Aliyeshika bunduki alidhani anatafuta kitu mfukoni. Ndiyo basi. Mimi nililala kwenye mtama kwa saa mbili nikisikia inzi.

Watu wanadhani mwenye silaha anatembea kifua mbele. Ngoja nikwambie natembeaje. Asubuhi kabla ya chai nazihesabu zile risasi sita kwa kidole, ingawa nilizihesabu jana na hakuna aliyezigusa. Koti silivui hata Oktoba hii inayounguza. Fundi amenishonea kipande cha chuma kwenye pindo la kulia ili upepo usilifunue. Basi likijaa naliacha liende, sitaki kubanwa na watu. Mkono wa kulia haubebi kitu, hata mkate. Bia nimeacha. Hotelini nakaa penye ukuta, na mtu akinikalia mahali pale naacha chakula naondoka. Chooni, dada, naivaa shingoni kama medali nisije nikaitumbukiza shimoni. Cheka, nimekuruhusu.

Tena nimekuwa mpole kupita watu wote wa Shinyanga. Mtu akinikanyaga mimi ndiye naomba samahani. Mlevi alinitukania mama sokoni, nikamwambia asante. Wanasema Kalisti amekuwa mtu wa Mungu. Si upole huo. Naogopa kugombana, kwa sababu ugomvi wa wengine unaishia kwenye ngumi, na wangu sijui utaishia wapi.

Na kanisani nasimama nje karibu na kengele. Komunyo sijapokea mwaka wa pili. Siwezi kwenda nayo mbele ya altare, na siwezi kuiacha kwenye benchi. Coletha nampakata kushoto kwa sababu hiyo hiyo. Kaburini sikuvua koti kwa sababu hiyo hiyo. Ningevua vipi mbele ya watu wote wale?

Mama usimwambie. Uvimbe anauelewa. Hili halitamwacha alale. Choma karatasi hii.

Kalisti


Ushirombo,
19 Oktoba 1980

Kalisti,

Sote wazima, mvua bado. Karatasi nimeichoma chini ya sufuria ya maharage.

Nilicheka pale pa chooni, halafu nikalia, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo imebaki. Maskini Mabula. Nilimwombea kama mtu wa ajali. Uliniacha nimwombee kifo ambacho si chake.

Siwezi kukuhukumu kwa kuogopa. Mimi sikulala kwenye mtama. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na hapa si methali, ni habari. Umeninunia, umemnunia mama, umemkimbia Mungu mpaka kwenye kengele, kwa ajili ya kitu ambacho kazi yake ni kukulinda. Kinakulinda na nani? Naona kimekulinda na sisi tu.

Halafu kuna pengo kwenye barua yako. Umeniambia unavyoivaa, unavyoihesabu, unavyoificha. Hukuniambia kama umewahi kuitoa. Mimi ni dada yako, nilikuwa nakuogesha. Najua unaporuka jambo.

Na mama sitamwambia, lakini si kwa sababu umeniomba. Wewe ndiye uliyesema ni uvimbe, wewe ndiye utakayekuja kuutoa. Njoo bila hicho kitu. Akushike. Ni safari ya siku mbili tu. Sista amekuja tena juzi, ametikisa kichwa, akauliza tunasubiri nini.

Bernadina


Shinyanga,
23 Novemba 1980

Dada,

Shikamoo. Justina alikuwa na malaria, amepona. Huku mvua zimeanza kwa fujo, barabara ya Kahama imekatika mara mbili. Mnada wa mwisho wa mwaka ni tarehe sita, na Jumapili mchana magari hayaruhusiwi, kwa hiyo ukitoa siku hapa na pale naona safari itakuwa Noeli. Mwambie mama Noeli.

(Karatasi ya pili.)

Nimewahi kuitoa. Mara moja.

Ilikuwa Katoro mwezi wa pili, mnadani, saa nne asubuhi, watu tele. Nilikuwa natazama ndama. Mtu akaja nyuma akanikumbatia kiunoni kwa nguvu akaninyanyua juu. Sikumbuki kuishika. Nakumbuka tu iko mkononi, na mbele yake kuna uso wa Felician, yule tuliyesoma naye seminari ndogo, aliyekuwa anakuigizia unavyoimba. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu halijapata habari. Suruali yake ikalowa. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, mimi nikabaki peke yangu na ndama.

Polisi walinihoji, wakakagua leseni, wakanionya, wakanirudishia. Felician hakufungua shitaka. Nilimwandikia mara mbili, hajajibu.

Kwa hiyo unaposema mama anishike, dada, elewa kwamba mimi siogopi tu njia. Sijashikwa na mtu ghafla tangu siku ile bila mkono kwenda kulia. Hata kama kulia hakuna kitu, mkono utakwenda. Mama ataona. Yeye anaona kwa kushika.

Nitakuja Noeli.

Kalisti


Ushirombo,
28 Desemba 1980

Kalisti,

Hukuja.

Mama alivalishwa ile kanga ya Mtakatifu Yosefu tangu asubuhi ya mkesha. Kila gari lililopita alinyoosha mikono. Jana jioni ameniomba nimvue.

Hawezi tena kulala chali, analala amekaa. Sina la kuongeza, na karatasi ya pili sina.

Bernadina


Shinyanga,
21 Januari 1981

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Watoto wazima.

Ulikuwepo mlangoni, uliona, lakini kuna ambayo hukuyaona, na sasa sitaki tena kuacha mapengo.

Barua yako ya Noeli ilinikuta tarehe nane. Tarehe tisa asubuhi nilikwenda polisi nikaomba waitunze kwenye ghala lao la silaha. Wakanipa stakabadhi. Nilipotoka nje nilihisi suruali itanidondoka. Kwenye basi walinibana watu watatu, mmoja ana bata. Masumbwe tuliposhuka kusukuma basi kwenye tope, pale pale karibu na ule mtama, kijana mmoja alinishika bega akasema "Mzee, sukuma upande huu," na mkono wangu ukaenda kulia ukakuta mkanda mtupu. Nikabaki nimeshika mkanda kama mpumbavu. Kisha nikasukuma.

Kwa mama mkono haukwenda. Hilo ndilo nilitaka ulijue. Alianza usoni, akasema nimekonda, akashuka mabegani, nami nikaukaza mkono ubaoni mwa mlango mpaka kucha zikauma. Alipofika kulia alibonyeza mara tatu. Halafu akapiga kile kigelegele chenu, na pumzi yote ile hana. "Umekwenda wapi?" Nikasema, "Umetoka, mayu." Akasema, "Nao usirudi."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kweli. Ulinitazama, najua ulikuwa unasubiri. Nilishindwa, dada. Alikuwa na furaha mno, na papo hapo akauliza gari la misheni linaondoka lini. Nikaona kweli itamshusha kwenye gari.

Sasa neno la mwisho, na usinidharau. Kesho yake nilipofika Shinyanga nilipitia polisi nikaichukua. Nilipoivaa nilijiona mtu mzima tena, halafu nikaona aibu kumtazama Justina.

Hospitali wamesemaje?

Kalisti


Ushirombo,
15 Machi 1981

Mdogo wangu,

Mvua ni nzuri, kaburi halijatitia. Ansgar alipanda maua yale ya manjano, mbuzi wameyala yote, amepanda tena. Wifi Justina umshukuru kwa kupikia ule umati siku tatu bila kununa.

Uliniuliza swali Januari sikulijibu. Ulipokuja na lori kumzika ukaniuliza tena, nikakwambia tutaongea. Nilikusudia nisikuandikie kabisa. Lakini wewe umekoma kuacha mapengo, nami sitaki kuanza yangu.

Daktari wa Mwanza alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, akaniita pembeni. Alisema maji yamekwisha kupanda, dawa zitampunguzia tu. Akaniuliza dalili zilianza lini. Nikasema mwezi wa nane. Akasema, "Mngemleta mwezi wa nane." Hakusema kwa ukali. Ni hilo tu alisema, halafu akaandika.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Ningekuwa mwongo. Nakulaumu, na mimi najilaumu, kwa sababu nilijua tangu Oktoba na nikakaa kimya nikisubiri wewe uje kusema, kana kwamba ni mchezo wa nani ataanza. Tulikuwa wawili tuliojua, na mgonjwa mmoja asiyejua, na tukamwacha atupishe mlangoni.

Huko wodini aliwaambia wagonjwa wote habari zako. "Mwanangu alikuwa na uvimbe, nikamwombea, ukatoka bila kisu." Mama mmoja wa Geita mwenye mtoto anayeumwa goti akaja kumwomba amwombee na yeye. Akamwombea. Nilikaa kwenye kona na rozari sijui nishike punje ipi.

Alikufa amekaa, asubuhi, akisubiri uji. Hakuteseka siku ile.

Na siku ya kuzika nilikuona. Ulivua koti, ukavua shati, ukashuka wa kwanza, ukakataa kupokewa sururu mpaka walipokutoa kwa nguvu. Ushirombo nzima ilikutazama kiuno. Wazee walinong'ona, "Kumbe kweli amepona." Yule aliyesema maneno mabaya wakati wa baba mdogo alikuja kuniomba msamaha kwangu mimi. Nikampa.

Sijui siku ile ulikuwa umeiacha wapi, wala sikuulizi. Nakuuliza lililo mbele. Mwezi wa sita unakuja.

Dada yako,
Bernadina


Shinyanga,
28 Juni 1981

Dada Bernadina,

Shikamoo. Mpe shemeji Ansgar pole ya maua. Mwambie apande mnyonyo, mbuzi hawali. Justina mzima. Coletha anaanza chekechea.

Miezi mitatu sijakujibu. Barua yako nimetembea nayo, ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Kulia unajua kulikuwa na nini. Kila nikikaa kwenye kiti changu cha ukutani nilikuwa naisikia inakwaruza: mngemleta mwezi wa nane. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo.

Siku ya kuzika niliiacha polisi. Lori lilikuwa linasubiri nje, dereva anapiga honi, nami nasaini stakabadhi. Nilirudi nikaichukua tena. Sikufichi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuhuisha. Nilikwenda na leseni, na ada mfukoni, na bastola kiunoni, nimeazimia kuhuisha. Nilipanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa gobore la kuwindia nguruwe, amelifunga kwenye gunia, analisimulia kila mtu linavyopiga. Nikamwonea wivu. Zamu yangu ilipofika, yule sajini aliyeko dirishani aliniuliza, "Unahuisha au unarejesha?" Mdomo wangu ukasema narejesha. Niliusikia kama wa mtu mwingine, lakini sikuukanusha.

Akanipa fomu. Jina, namba ya leseni, aina ya silaha, idadi ya risasi. Nikazihesabu mbele yake, sita. Chini kabisa kulikuwa na mstari: sababu ya kurejesha. Nilikaa na kalamu muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Nikaandika: Nimepona.

Si kweli, dada. Leo asubuhi nimezihesabu zile sita kwa kidole, hewani, kabla ya chai. Hotelini bado nimekaa penye ukuta. Nimepita njia ya nyuma ya soko kama mtu aliyeiba. Sijui kama nitarudi Katoro kwenye mnada. Labda nitatafuta kazi nyingine. Coletha jana alinirukia, nikamhamisha kushoto kwa mazoea, halafu nikamrudisha kulia. Akauliza kama paja la kushoto limeuma.

Yule sajini aliisoma fomu, akaniangalia juu mpaka chini. Akasema hiyo si sababu, niandike nyingine, mfano nimeuza biashara. Nikamwambia sina nyingine. Akauliza, kwa huruma kidogo, "Kwani mzee ulikuwa unaumwa nini?"

Nikamjibu kwamba aliyekuwa anaumwa ni mama.

Akapiga mhuri. Kesho ni sikukuu ya Petro na Paulo, naingia kanisani mpaka ndani.

Mdogo wako,
Kalisti